Kabla Hujapiga Windows 11 Kwenye Kompyuta za Ofisi, Anza na Kaunta

Jumamosi moja nilipandisha kompyuta tano za duka la vifaa vya ujenzi kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Kazi ilikwenda kama maji. Saa kumi na mbili jioni zote tano zinawaka, kasi nzuri, bosi amefurahi, nimelipwa nikaenda zangu. Jumatatu saa mbili na robo asubuhi simu inaita: "Fundi, mashine ya risiti haijibu." Nilipofika nilikuta Canter mbili zinasubiri mzigo, mafundi ujenzi wamekaa juu ya mifuko ya saruji, na dada wa kaunta amechomoa na kuchomeka ule waya mpaka kachoka. Kompyuta zote tano zilikuwa nzima. Kilichogoma ni waya mmoja wa bei ya chai na chapati, ule unaounganisha mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, na tundu la USB. Chipu iliyomo ndani ya ule waya haikuwa na draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa) ya Windows 11.

Kwa Tanzania, kuuza bila kutoa risiti ya EFD ni kosa, kwa hiyo duka lilisimama mpaka saa tano, nilipopata waya mwingine. Pesa niliyolipwa Jumamosi karibu yote niliirudisha kwa njia ya nauli, waya na aibu.

Tangu siku hiyo nimegeuza mpangilio. Kompyuta yenyewe ni rahisi kuipima. Dakika tano zinatosha kujua inapita au haipiti. Kinachokwamisha ofisi ni vile vikorokoro vinavyoning'inia nyuma yake na ile programu moja inayofunguliwa mara moja kwa mwezi. Mwongozo huu nimeuandikia ofisi ndogo, za kompyuta tatu mpaka ishirini, ambazo hazina mtu wa IT wa kudumu. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi bado wanaitumia wakijiuliza waanzie wapi.

Hatua ya 1: Kaa kaunta nusu siku

Chukua daftari la kawaida. Kwa kila kompyuta fungua ukurasa wake, andika jina lake au mahali ilipo ("kaunta ya kwanza", "kwa muhasibu"), kisha kaa karibu na anayeitumia uone anafanya nini. Usimuulize "unatumia programu gani?" Atakujibu "Excel na ile ya mauzo" na atakuwa amesahau nusu. Mwache afanye kazi, wewe andika.

Andika kila kitu kilichochomekwa. Inama chini ya meza, fuata waya mmoja mmoja mpaka mwisho wake. Printa ya risiti. Printa kubwa. Mashine ya EFD. Kisoma misimbo pau (barcode) ya bidhaa. Mizani. Kifaa cha alama za vidole. Kile kijifleshi kidogo ambacho hakina jina na hakuna anayejua kazi yake: usikichomoe! Mara nyingi hicho ndicho ufunguo wa leseni ya programu ya uhasibu.

Halafu uliza swali moja muhimu kuliko yote: "Kuna kitu unafanya mwisho wa mwezi tu, au mwisho wa mwaka tu?" Siku moja, kwa muhasibu mmoja, nilipata jibu hili:

"Ipo ile ya mishahara, baba. Lakini hiyo siifungui mpaka tarehe ishirini na nane."

"Ipo kwenye kompyuta hii?"

"Hapana, iko kwenye ile ya stoo. Ile ya zamani. Hii ilikataa kuiweka."

Hapo ndipo penye mzigo. Programu iliyokataa kuingia kwenye kompyuta mpya zaidi, usitegemee ikubali kwenye Windows 11. Iandike kwa kalamu nyekundu.

Ukiwa hapohapo kwa muhasibu, panga tarehe. Kwa Tanzania, kodi ya mishahara ya PAYE inatakiwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na ritani ya VAT tarehe 20. Kwa hiyo kuanzia tarehe 25 mpaka tarehe 20 ya mwezi unaofuata ofisi ina pilikapilika zake. Dirisha lako ni lile dogo la baada ya tarehe 20. Fundi anayeshika kompyuta ya muhasibu tarehe 18 anajitafutia maneno.

Hatua ya 2: Pima kompyuta

Sasa washa kompyuta, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, bonyeza Enter. Dirisha litakalofunguka lina karibu kila unachohitaji. Mstari wa Processor ndio wa kwanza kusoma.

Tuseme umekuta imeandikwa Intel Core i5-7300U. Tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari: 7. Hicho ni kizazi cha saba. Windows 11, ambayo ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, inataka kizazi cha nane kwenda juu kwa prosesa za Intel, ukiacha vighairi vichache mno. i5-6300U haipiti, i5-7300U haipiti, i5-8250U inapita. Ukiona namba inaanza na 1, kama i5-10210U, soma tarakimu mbili za mwanzo: kizazi cha kumi, inapita. Kwa AMD mambo yana mtego kidogo. Ryzen nyingi kuanzia mfululizo wa 2000 zinapita lakini si zote, kwa hiyo hizo zitafute moja moja kwenye orodha ya Microsoft, usibahatishe kwa jina.

Usiamini jina la modeli lililobandikwa kwenye kava. Kwa kawaida HP EliteBook 840 G3 ni kizazi cha sita, G4 cha saba, G5 cha nane. ThinkPad T470 haipiti, T480 inapita. Dell Latitude 7480 haipiti, 7490 inapita. Lakini 840 G5 na T480 ziliwahi kutoka pia na prosesa za kizazi cha saba. Umenunua G5 kwa kujiamini, umefika ofisini, unakuta i5-7300U. Soma prosesa, modeli ni jina tu.

Kama prosesa haipiti, usipoteze muda na mengine yaliyobaki kwenye mashine hiyo. Nimeona fundi akihangaika siku nzima kubadilisha TPM (chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai) kutoka 1.2 kuwa 2.0 kwenye mashine ya kizazi cha sita. Alifanikiwa, na mashine ikabaki palepale.

Kama prosesa inapita, endelea na TPM. Bonyeza Windows na R tena, andika tpm.msc. Upande wa chini kulia tafuta Specification Version. Inatakiwa iwe 2.0. Ukiambiwa TPM haionekani, usikate tamaa. Kwa mashine za kizazi cha nane kwenda juu, mara nyingi ipo ila imezimwa. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), utaikuta kwa jina la Intel PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD. Iwashe.

Lakini subiri kabla hujagusa BIOS. Fungua Command Prompt kama Administrator, andika manage-bde -status. Ikikuonyesha kwamba diski imefungwa na BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda data, tafuta ufunguo wa kuifungulia wenye tarakimu 48, uandike au uuchape, uhakikishe unasomeka, kisha isimamishe BitLocker kwa muda. Ukibadilisha mipangilio ya TPM bila kufanya hivyo, kompyuta itawaka na kudai zile tarakimu 48, na kama hakuna anayezijua, data iliyomo ndani umeiaga. Hili halina njia ya mkato.

Rudi kwenye msinfo32 usome mstari wa BIOS Mode. Ukikuta UEFI, mfumo mpya wa kuwashia mashine, vizuri. Ukikuta Legacy, ule wa zamani, mara nyingi chanzo ni fundi aliyepiga Windows zamani akaweka mfumo aliouzoea. Mashine yenyewe inaweza UEFI. Hapo diski itakuwa na mpangilio wa zamani wa MBR na inabidi igeuzwe iwe na mpangilio mpya wa GPT. Windows 10 ina zana yake ya kufanya hivyo bila kufuta data. Kwanza pima kwa mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, fanya nakala ya data, kisha mbr2gpt /convert /allowFullOS, halafu ingia BIOS ubadilishe kutoka Legacy kwenda UEFI. Ikikataa, sababu ya kawaida ni kwamba diski ina sehemu kuu zaidi ya tatu.

Kuhusu RAM na diski, Microsoft inasema GB 4 na GB 64. Kwa karatasi, sawa. Kwa ofisi inayofungua kivinjari chenye vichupo kumi, Excel na programu ya uhasibu kwa pamoja, chini ya GB 8 utakuwa umenunua malalamiko. Na kama diski ni ile ya kuzunguka, weka SSD kwanza, hata kabla ya kufikiria Windows 11.

Kuna kipimo kimoja ambacho watu husahau. Nenda Settings, System, About, usome System type. Zipo ofisi ambazo mashine ina uwezo wa biti 64 lakini ilipigwa Windows ya biti 32, pengine kwa sababu ya printa fulani ya zamani. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa. Hiyo maana yake huwezi kupandisha juu kwa juu; unapiga upya kutoka sifuri, na programu zote unaziweka upya. Tena ile printa iliyosababisha yote hayo ndiyo itakayokusumbua.

Ipo programu ya Microsoft ya PC Health Check inayokupa jibu la ndiyo au hapana. Itumie ukipenda, ila inapima kompyuta pekee. Waya wangu wa EFD isingeuona.

Hatua ya 3: Pima vinavyoning'inia

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi.

Anza na waya wowote unaogeuza USB kuwa tundu la COM, lile la pini tisa. Chomeka, fungua Device Manager, tafuta Ports (COM & LPT). Andika vitu viwili: jina la chipu na namba ya COM. Kama jina ni Prolific, chunguza ni PL2303 ya toleo gani. Matoleo ya zamani, kama HXA na TA, mtengenezaji aliacha kuyahudumia, na ukiyachomeka kwenye Windows 11 yenye draiva mpya unakuta alama ya njano na maandishi yanayokwambia uwasiliane na aliyekuuzia. Aliyekuuzia alikuwa na meza barabarani na siku hizi anauza viatu. Nunua waya wenye chipu ya FTDI au PL2303 ya toleo jipya, nunua miwili, mmoja uwe wa akiba.

Namba ya COM ina faida yake. Programu ya mauzo imeelekezwa COM3. Baada ya kupandisha, Windows inaweza ikaupa waya uleule COM5. Kila kitu kinaonekana kizima na hakuna kinachotoka. Ukiwa umeandika namba ya zamani, unaingia kwenye sifa za tundu hilo, unarudisha COM3, umemaliza ndani ya dakika moja. Bila kuiandika utazunguka asubuhi nzima ukilaumu mashine.

Kuhusu EFD yenyewe, mpigie wakala aliyeiuza na anayeihudumia kabla ya siku ya kazi, umuulize kama programu yake ya kuunganisha inakwenda na Windows 11 na kama ana draiva ya biti 64. Mwombe akutumie faili kabisa, usiridhike na "ipo, usijali". Usiifungue mashine, ina lakiri ya kodi. Wanaotumia VFD, ile ya kutoa risiti kwa programu bila mashine, wana afueni kidogo hapa.

Printa za kisasa za leza hazisumbui sana. Kanuni ya vitendo: printa yenye draiva ya Windows 10 ya biti 64 karibu kila mara inakubali Windows 11. Pakua draiva hiyo sasa, iweke kwenye fleshi, usitegemee kwamba Windows itaitafuta yenyewe siku ambayo intaneti ina kwikwi. Ya kuogopa ni printa ya ribon, ile inayopiga kelele ikichapa ankara za nakala tatu. Yenyewe ni ngumu kama jiwe na haifi, ila nyingi za zamani zinatumia tundu pana la LPT, na kompyuta za leo hazina tundu hilo. Kama unabadilisha mashine na si Windows peke yake, angalia nyuma ya mashine mpya kabla ya kulipa. Kuna kadi za kuongeza LPT kwa kompyuta za mezani. Kwa laptop utabaki na waya wa USB, na huo ujaribu na ankara halisi, maana nimeona inayochapa ukurasa wa majaribio vizuri kisha inaruka mstari kwenye fomu.

Kwa mashine mpya, tazama pia matundu ya monita. Monita nyingi za ofisi zetu bado ni za VGA na mashine mpya zinakuja na HDMI na DisplayPort tu. Hiyo ni adapta, haina stori ndefu, lakini adapta kumi ni bajeti.

Kisoma misimbo pau cha USB hakina neno, kompyuta inakiona kama kibodi. Kifaa cha alama za vidole ni kinyume chake: kihesabu kuwa hakifanyi kazi mpaka uone draiva ya Windows 11 kwa macho yako.

Hatua ya 4: Pima programu

Kwa kila programu iliyo kwenye daftari andika jina, toleo kamili, na wapi ilipo leseni yake. Toleo utalikuta kwenye Help, About.

Programu ya uhasibu ndiyo mfalme. Maswali ni matatu. Toleo hili linahudumiwa kwenye Windows 11? Leseni imefungwa kwenye mashine? Na data ikifunguliwa na toleo jipya, la zamani litaweza kuisoma tena? Mfano, Tally inakutaka uirudishe leseni kwanza kwenye mashine ya zamani kabla ya kuiwasha kwenye mpya; ukifuta diski kabla ya kurudisha, umejitengenezea barua pepe za kutosha. QuickBooks ya kompyuta, ukishafungua faili la kampuni kwa toleo jipya, toleo la zamani halilisomi tena. Kwa hiyo kompyuta tatu zinazotumia faili moja zinapanda pamoja au hazipandi.

Excel inatazamwa kama kitu cha kawaida na ndiyo inayotoa mshangao. Office ya siku hizi inajiweka biti 64 yenyewe. Faili la muhasibu lenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) zilizoandikwa enzi za Office ya biti 32 linaweza kugoma kwa ujumbe usioeleweka, na hifadhidata ya Access ikakosa kiunganishi chake. Angalia File, Account, About Excel: biti ngapi? Kama ni 32 na kuna makro, weka Office ya biti 32 vilevile. Windows 11 haina shida nayo. Office 2016 na 2019 nazo ziliacha kuhudumiwa siku ileile ya 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ukipiga hesabu ya leseni, ihesabu na hiyo.

Programu za mishahara na za shule zilizoandikwa na kijana fulani mwaka 2009 mara nyingi zinahitaji .NET Framework 3.5, kipande cha Microsoft ambacho programu hizo huegemea. Windows 11 inaipokea lakini haiji nayo ikiwa imewashwa. Iwashe mapema ukiwa na intaneti. Programu za zamani zaidi, za biti 16, zilizotoka enzi za DOS na Windows 95, hazifanyi kazi kabisa kwenye Windows ya biti 64. Hizo dawa yake ni kuziweka ndani ya kompyuta pepe (kompyuta ya kuigizwa na programu), au kuachana nazo.

Internet Explorer iliondolewa mwaka 2022 na kwenye Windows 11 haimo. Anayeiulizia ni DVR ya kamera za ulinzi na mifumo ya zamani ya kuingia kwa kivinjari. Edge ina hali ya IE ndani yake, Microsoft imeahidi kuihudumia mpaka angalau mwaka 2029. Iwashe kwenye mipangilio ya Edge, weka anwani ya DVR, jaribu kuona picha.

Na kama ofisi inaendesha kazi kwa programu iliyochakachuliwa, mwambie bosi ukweli mapema. Windows 11 ina ulinzi mkali zaidi, faili la kuchakachulia litafutwa siku ya kwanza na wewe utaambiwa umeharibu kompyuta.

Hatua ya 5: Folda za pamoja na fotokopi

Ofisi nyingi zina folda moja iliyo wazi kwa wote bila nenosiri, kwenye kompyuta ya stoo. Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2 haikubali kuingia kwenye folda kama mgeni asiye na nenosiri, tena inadai mawasiliano ya folda yawe na saini ya kidijitali. Tengeneza akaunti yenye nenosiri kwenye ile kompyuta yenye folda, na kila mashine iingie kwa akaunti hiyo.

Fotokopi kubwa inayoskani moja kwa moja kwenye folda inaweza kuwa inatumia SMB1, njia ya zamani ya kushirikishana folda kwenye mtandao, ambayo ukipiga Windows 11 upya haimo. Kuna video nyingi za kukufundisha kuirudisha. Sikushauri. Udhaifu wa SMB1 ndio uliobeba WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu, duniani kote Mei 2017. Iambie fotokopi itume kwa barua pepe au kwa fleshi.

Hatua ya 6: Jaribu kwenye diski ya pili

Watu hushauri uanze na kompyuta isiyo na umuhimu. Mimi naanza na ile yenye vikorokoro vingi kuliko zote, kwa sababu mashine ya mapokezi inayofungua barua pepe tu haitakufundisha kitu.

Namna ya kufanya bila hatari ni hii. Nunua SSD moja. Nakili diski nzima ya kompyuta ya kaunta kwenye SSD hiyo kwa kutumia Clonezilla au zana nyingine unayoijua. Zima, toa diski ya zamani, iweke kwenye bahasha, andika juu yake tarehe na jina la kompyuta. Weka SSD, washa, pandisha Windows 11 kwenye hiyo. Ikitokea balaa, unarudisha diski ya kwenye bahasha na kaunta inafanya kazi ndani ya dakika kumi. Windows yenyewe inakupa siku 10 za kurudi nyuma, lakini kurudi kwa njia hiyo kunategemea mfumo uleule ulioleta shida, na mwezi wa kodi ni mrefu kuliko siku 10. Tahadhari moja: usiwashe kompyuta ikiwa na diski zote mbili kwa pamoja.

Kisha mwite dada wa kaunta, mwache akae yeye kwenye kiti. Afungue programu ya mauzo, atafute bidhaa, achape ankara. Kwenye EFD chapa ripoti ya X (muhtasari wa mauzo usiofunga siku), usifanye mauzo ya kubuni, maana kila risiti ya kodi inahesabiwa. Muhasibu afungue faili la makro na programu ya mishahara hata kama si mwisho wa mwezi. Skani karatasi. Chapa kutoka kompyuta ya pili kwenda kwenye printa ya pamoja. Zima kompyuta, washa, rudia yote, kwa sababu kuna draiva zinazokubali mara ya kwanza tu.

Hatua ya 7: Gawa mafungu, nunua, panga siku

Daftari lako sasa lina majibu. Kuna mashine zinazopita, kuna zinazohitaji waya au RAM, na kuna ambazo prosesa imezikataa. Kwa hizo za mwisho utashauriwa utumie Rufus, programu ya kutengeneza fleshi ya Windows, kuruka ukaguzi. Inawezekana, na kwa kompyuta ya nyumbani shauri yako. Kwa mashine iliyobeba hesabu za watu nakataa: Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo, na kila toleo kubwa la mwaka utalibeba kwa mikono.

Njia halali ya kujinunulia muda ni masasisho ya ziada ya usalama, ESU. Kwa biashara ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, bei inarudufika kila mwaka, mwisho miaka mitatu, na ukichelewa kujiunga unalipia na miaka iliyopita. Mashine lazima iwe kwenye Windows 10 toleo la 22H2. Kwa kompyuta moja inayolinda programu ya zamani isiyo na mbadala, lipa. Kwa kompyuta kumi za kizazi cha sita, fedha hiyo ichange ununue nyingine.

Ukienda Kariakoo kununua zilizotumika, usilipe kabla hujafungua msinfo32 na tpm.msc palepale dukani. Muuzaji mzuri hakasiriki. Ingia pia BIOS uhakikishe haina nenosiri la kampuni ya Ulaya iliyoitupa, maana hilo huligundui mpaka siku unayotaka kuwasha TPM.

Siku ya kazi iwe Jumamosi ya baada ya tarehe 20. Pakua Windows 11 mara moja tu, ni zaidi ya GB 5, uiweke kwenye fleshi uitembeze. Ukiziachia kompyuta kumi zipakue kila moja yake, bando la ofisi litaisha kabla ya mchana. Kila mashine iwe kwenye UPS, na laptop iwe na chaji, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kupandisha unaweza kukosa vyote viwili, Windows ya zamani na mpya. Jumatatu uwepo kaunta kabla mlango haujafunguliwa, na ule waya wa akiba mfukoni.

Ile bahasha yenye diski ya zamani usiifute mpaka ritani ya VAT ya mwezi unaofuata ipite. Mimi humwachia muhasibu aifungie kwenye droo yake, pamoja na karatasi ya zile tarakimu 48.